Bati linavuja, ukuta unatoa chumvi: nianze na nini kabla ya masika?

Swali la msomaji:

"Shikamoo fundi. Niko Tanga, Ngamiani. Marehemu baba ametuachia nyumba ambayo mbele ina fremu tatu za maduka na nyuma tunaishi sisi. Upande wa mbele ni wa zamani, mawe na chokaa. Wa nyuma baba aliuongeza kwa tofali za saruji. Kila masika fremu ya kati, iliyopangishwa duka la dawa, inavuja pale karibu na ukuta wa mbele. Chumba cha mama nacho kinavuja katikati ya dari. Ukuta wa mbele kwa chini unabanduka rangi na kutoa unga mweupe. Nimepaka mara tatu ndani ya miaka minne. Kuna na ufa kwenye kona ya dirisha la fremu hiyo hiyo. Fundi mmoja anasema nipake rangi ya kuzuia maji, mwingine anasema nivue bati lote. Mkononi nina milioni tatu, na wapangaji wameanza kunung'unika. Nianze na nini?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na baba, na pole kwa nyumba pia, maana nyumba ya urithi huja na madeni yake ambayo hayakuandikwa kwenye wosia.

Nakupa jibu fupi kwanza, ili hata ukiishia hapa usije ukapotea. Anza juu, shuka chini, na rangi iwe ya mwisho kabisa. Sasa hivi, Januari na Februari, shughulikia paa, gata (mfereji unaopokea maji ya paa) na njia ya maji kuondoka nyumbani. Ukuta usiuguse mpaka Juni. Fundi wa rangi mwambie asubiri, na fundi wa kuvua bati lote mwambie apande kwanza akuoneshe ni mabati gani yameoza, moja baada ya moja.

Sasa tuje kwenye sababu.

Watu wengi wakisema nyumba inavuja wanafikiria tundu. Mimi ningependa ufikirie ujazo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Hilo si kadirio, ni hesabu ya kweli. Paa lako, kwa nyumba ya namna uliyoieleza, haliwezi kupungua mita za mraba 120. Siku moja ya masika yenye milimita 50, ambayo kwa pwani yetu si kitu cha ajabu, paa hilo linapokea lita 6,000. Lile simtanki kubwa jeusi la lita 5,000 unalolijua linajaa na kumwagika. Jiulize: maji yote hayo kwa sasa yanakwenda wapi? Hukutaja gata hata moja kwenye barua yako, kwa hiyo nadhani yanadondoka chini ya mchirizi, kwenye kisigino cha ukuta ule ule unaotoa unga mweupe. Umepaka rangi mara tatu, na mara tatu ukuta umenyweshwa upya.

Tuanze na chumba cha mama, kwa kuwa ndicho chepesi.

Maji yanapodondoka katikati ya dari, tundu kwa kawaida haliko juu ya hapo. Maji huingia kwenye bati, yakashika papi (mbao zinazopigiliwa bati) au kenchi (mbao kubwa zinazobeba papi), yakateleza nayo mita moja, mbili, hata tatu, mpaka yakutane na msumari au kiungo cha mbao, ndipo yanadondoka. Fundi anayepaka lami juu ya bati sawasawa na doa la darini anabahatisha tu. Fanya hivi: saa sita mchana, jua likiwa kali, mtu aingie juu ya dari, akae gizani dakika tano macho yazoee. Matundu yatajionesha yenyewe kama nyota. Kila moja atie alama ya chaki kwenye papi iliyo karibu. Aangalie na mbao: papi iliyolowa mara nyingi huwa na mchirizi mweusi, na mchirizi huo ukiufuata kwa kupanda utakufikisha kwenye chanzo. Ukikosa nyota, tumia mpira wa maji. Mtu mmoja awe juu na mpira, mwingine ndani. Maji yaanze kumwagwa upande wa chini wa paa, dakika kadhaa mahali pamoja, ndipo yapandishwe taratibu. Ukianzia juu maji yatatiririka kila mahali na hutajua ni tundu lipi limevuja.

Kwa bati za siku nyingi, nina dau kwamba mkosaji ni msumari. Mchana bati linapashwa na jua linatanuka, usiku linapoa linajikunja, na msumari wa bati unavutwa kidogo kidogo kila siku ya Mungu. Baada ya miaka kumi na tano umenyanyuka na mpira wake umekauka umepasuka. Usiupige nyundo urudi ndani. Utarudi, na baada ya miezi sita utatoka tena, kwa sababu tundu la mbao limeshalegea. Ung'oe, weka skrubu ya bati yenye mpira, nene kuliko msumari uliotoka, ishike mbao mpya. Iwe juu ya mgongo wa bati, si kwenye bonde ambako maji hupita. Papi ikiwa imeoza, pigilia nyingine ubavuni mwake. Si lazima kufumua paa. Na fundi akikanyaga bati, mguu uwe kwenye mstari wa misumari, chini yake kuna mbao. Nimeona paa lililopandiwa kutengenezwa tundu moja likateremkiwa lina matatu.

Ukishamaliza katikati, nenda kwenye kingo. Upepo hauling'oi paa kwa kulisukuma. Unalinyonya kwenda juu, na unanyonya zaidi kwenye kingo na pembe. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, kilichotua Mafia, kiliwakumbusha watu wa pwani ya Tanzania kwamba vimbunga si habari za Msumbiji peke yake. Safu ya mwisho ya papi, kule upenuni, iwe na skrubu kwenye kila mgongo au mgongo mmoja baada ya mwingine. Ni gharama ndogo sana.

Kuhusu kuvua bati lote: chukua bisibisi, choma kwa nguvu ya kawaida pale kwenye kutu. Likipita, bati limekufa. Lisipopita, ni kutu ya juu, lisafishwe kwa brashi ya waya, lipakwe rangi ya kuzuia kutu, litaendelea. Utakuta mengi yameoza kwenye maeneo mawili: pale bati linapopishana na mwenzake, maana maji hunaswa katikati hayakauki, na chini ya upenu, ambako chumvi ya bahari hutua lakini mvua haifiki kuiosha. Hili la pili huwashangaza watu. Kwetu pwani mvua ndiyo inayoosha bati. Sehemu iliyofichwa mvua ndiyo inayoliwa kwanza. Kwa hiyo kubadili mabati sita au manane ya kingoni kunaweza kukupa miaka mingine mingi, na yule wa kuvua lote umpe chai umuage.

Ukienda kununua hayo machache, kumbuka geji, yaani kipimo cha unene wa bati, inakwenda kinyume: geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 ni jembamba kuliko 28. Mwenye duka atakuambia "hili ni zito" bila kutaja namba. Taka namba. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari ningechukua geji 28 lenye mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, hata kama nitanunua machache. Yalazwe yakipishana kwa urefu si chini ya sentimita 15, na kwa paa lililolala sana 20 au zaidi. Ubavuni, mdomo wa bati la juu uupe mgongo upepo wa kusi, maana masika ikikolea mvua huja na kusi. Mdomo huo ukielekea kusi, mvua itasukumwa ndani ya mapishano kama barua chini ya mlango.

Sasa duka la dawa. Hapa ndipo ningetumia akili yangu nyingi na pesa yako nyingi.

Umesema linavuja karibu na ukuta wa mbele. Fremu za Ngamiani nazijua: ukuta wa mbele umepandishwa juu kuliko paa ili bango la duka lipate pa kukaa na nyumba ionekane ya kisasa. Kwa nyuma ya ukuta huo paa linateremka na kugota. Maji hayana pa kwenda isipokuwa kwenye kijibonde kati ya bati na ukuta, na kijibonde hicho fundi alikiziba kwa saruji. Saruji haishikani na bati. Bati linatanuka na kujikunja, saruji imesimama, kati yao unafunguka ufa mwembamba kama uzi, na uzi huo unatosha. Zaidi ya hapo saruji mbichi, kama chokaa mbichi, inakula zinki na aluminiamu. Ile iliyowekwa kuzuia maji ndiyo inayotoboa bati.

Dawa yake si lami wala saruji nyingine. Chokoa saruji yote. Tengeneza gata la ndani, bati lililokunjwa lenye kitako cha sentimita 20 hadi 30, lilale kijibondeni lote na kuelekea upande mmoja. Ubavu wake mmoja uingie chini ya bati za paa. Ubavu mwingine upandishwe ukutani angalau sentimita 15, na juu yake iwekwe flashi: ukuta unachimbwa mfereji mwembamba wa sentimita 2 au 3, bati la flashi linaingizwa humo, linakunjwa kushuka na kuufunika ubavu wa gata bila kuunganishwa nao. Hapo paa linaweza kutanuka na kujikunja litakavyo.

Halafu jambo ambalo mafundi wengi hulisahau, nami nalirudia kwa kila mwenye fremu: toboa tundu la dharura kwenye ukuta wa mbele, kidogo juu ya kitako cha gata, uweke kipande cha bomba kitokeze barabarani. Siku gata litakapoziba, na litaziba, kwa majani, mfuko wa nailoni, au kunguru aliyekufa, maji yatamwagika nje mbele ya watu. Utaona aibu, lakini dawa za mpangaji hazitalowa. Bila tundu hilo maji yatapanda mpaka yaukute mwanya wa kuingilia ndani. Bomba likitema maji, ndiyo taarifa kwamba gata limeziba.

Na kwa kuwa tumetaja majani: gata zote, la ndani na za nje, zisafishwe mwisho wa Februari na tena mwisho wa Septemba kabla ya vuli. Vuli msiidharau, ile ya 2019 na ile ya 2023 zilipita kawaida kwa mbali. Gata la nje lishuke angalau sentimita 1 kwa kila mita 3, maana lililolala sawasawa hubaki na maji, na maji yaliyotulia gatani ni kitalu cha mbu wa mchana, yule wa dengi. Tanga na Dar es Salaam mlipatwa 2019, mnajua maumivu yake.

Kabla sijashuka kwenye ukuta, nina swali kwako. Duka la dawa lina kiyoyozi? Nadhani linacho, dawa zinahitaji ubaridi. Toka nje uangalie bomba lake la maji linamwagia wapi. Kiyoyozi cha pwani wakati wa kaskazi, hewa ikiwa nzito kwa mvuke, kinatoa lita kadhaa kwa siku, kila siku, mvua iwe haipo. Nilishaitwa mahali "panapolowa kiangazi na masika", wenye nyumba wakawa wanahofia chemchemi chini ya msingi. Ulikuwa mpira wa kiyoyozi, umechomoka umelala kwenye kona ya ukuta. Nilitoza nauli tu, na hata hiyo niliona haya kuipokea. Mwambie mpangaji aurefushe mpaka kwenye mtaro, na mafundi wasafishe kiyoyozi Novemba, kabla joto halijaanza kukifanyisha kazi usiku na mchana.

Ukuta wa mbele, basi.

Unga mweupe ni chumvi. Maji yanaingia chini, yanapanda ndani ya ukuta kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, yanafika usoni yanakauka, na chumvi yaliyoibeba inabaki. Inapokauka inakuwa fuwele, fuwele zinavimba ndani ya vijitundu vya plasta, plasta inapukutika. Kwa kawaida haipandi sana, mara nyingi huishia mita moja hivi kutoka chini, na juu huacha mstari kama wa maji kupwa. Kama alama yako inaishia kiunoni, ni maji ya chini. Kama inashuka kutoka juu, rudi kwenye gata. Ukitaka uhakika, bandika kipande cha nailoni angavu ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache siku mbili. Jasho likiwa nyuma ya nailoni, unyevu unatoka ukutani. Likiwa mbele, ni hewa ya chumbani, na dawa yake ni dirisha.

Rangi ya kuzuia maji ukiipaka juu ya ukuta wa namna hiyo unafunga mlango wa kutokea huku wa kuingilia uko wazi. Maji hayarudi chini. Yanapanda juu zaidi, yanatafuta mahali rangi inapoishia. Nasema hivi nikiwa mkosaji mwenyewe. Ujanani niliufunika ukuta wa mawe wa duka moja kule Pangani kwa plasta ya saruji yenye dawa, kisha rangi ngumu ya kung'aa. Nilijisifu kutwa. Masika mbili baadaye plasta ilidondoka kwa mapande makubwa kama mikate ya mofa, na mawe yaliyokuwa nyuma yake, yaliyokuwa mazima siku zote, yalikuwa yamelowa mpaka chokaa kati yake imekuwa tope. Mwenye duka hakunidai. Laiti angenidai.

Kuta za mawe na chokaa, za Ngamiani, za Pangani, za Mji Mkongwe wa Unguja, za Lamu, zilijengwa zipumue. Zinalowa kidogo, zinakauka, zinalowa tena, na zimeishi hivyo miaka mingi kuliko wewe na mimi. Saruji ni ngumu na haipumui. Kwa hiyo nyumba yako ni nyumba mbili chini ya paa moja, na kila moja ina dawa yake. Upande wa nyuma wa tofali, plasta ya saruji ni sawa. Upande wa mbele, kazi ya Juni itakuwa kubandua plasta yote ya saruji mpaka nusu mita juu ya mstari wa chumvi, kuuacha ukuta wazi ukauke wiki kadhaa za kipupwe, kupiga brashi kavu kila chumvi inapojitokeza (brashi, si maji, maji yanairudisha ndani), kisha kupiga plasta ya chokaa, sehemu moja ya chokaa iliyozimwa kwa sehemu tatu za mchanga wa mtoni uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni usiletwe hata kwa bure, utakuwa unanunua chumvi nyingine. Plasta hiyo ipigwe tabaka nyembamba na ilowekwe kwa ukungu wa maji siku kadhaa, kwa sababu chokaa haikomai kwa kukauka upesi; inakomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa. Juu yake chokaa ya kupaka, au rangi inayopitisha mvuke. Nyie wa Tanga mmekalia mawe ya chokaa mpaka Amboni. Haifai mkose chokaa.

Lakini yote hayo ni bure kama ardhi ya nje iko juu kuliko sakafu ya ndani. Pima leo. Barabara zetu zinainuliwa kila zinapotengenezwa, kifusi kinaongezwa, kibaraza kinamwagiwa zege juu ya zege, na nyumba ya zamani inajikuta shimoni bila kusogea. Uso wa ardhi unaogusa ukuta ungefaa uwe sentimita 15 au zaidi chini ya usawa wa sakafu. Pale unapoweza, chimba ushushe. Kisha mwaga ukanda wa zege wa upana wa sentimita 60 hadi 90 kuzunguka nyumba, ukiinama kutoka ukutani, mteremko wa sentimita 2 au 3 kwa upana huo, ukiishia kwenye mtaro. Kwa upande wa mbele wa mawe ningependelea kokoto tupu zenye mfereji chini yake kuliko zege, ili ukuta upate pa kutolea pumzi. Kama maji ya paa yataingia kwenye gata na kushushwa kwa bomba mpaka mtaroni au kwenye simtanki, nusu ya ugonjwa wa ukuta huu itapona kabla hujagusa plasta. Ndiyo maana nakukataza kuupaka sasa. Nataka uone masika moja ikipita juu ya nyumba yenye gata.

Ufa wa kona ya dirisha umeutaja kama kitu cha kando, nami sitaki nikutie hofu, ila nauliza: umelala mshazari? Unaanzia konani ukipanda kama ngazi? Ufa wa namna hiyo ni wa ukuta uliotembea, kwa kawaida msingi umetitia upande mmoja, na maji yanayodondoka mahali pamoja miaka nenda rudi ndiyo hulainisha udongo. Chukua penseli. Piga mstari kukatiza ufa, sehemu tatu, andika tarehe na upana wake kwa milimita. Mwisho wa ufa, kule unakochongoka, weka alama ndogo. Usiuzibe. Kila mwezi upime. Ufa mwembamba kama nywele, usioongezeka, ni kazi ya fundi plasta. Ukipita milimita 5, au ukiongezeka mwezi hadi mwezi, au mlango ukaanza kugoma kufunga, hapo acha mafundi wa mtaani na mimi pia, mwite mhandisi wa majengo aliyesajiliwa aje asimame pale kwa miguu yake.

Mengine nayapitia haraka. Karo na chemba zinyonywe Februari. Masika maji ya ardhini yakipanda karo lililojaa hurudisha uchafu bafuni, na wale wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo mtaroni wanawagawia majirani kipindupindu. Umeme: kabla mtu hajapanda juu ya dari, zima swichi kuu, si taa. Waya wowote uliolowa kwenye njia ya maji aukague fundi umeme mwenye leseni, na amuulize mpangaji wa kila fremu ameunganisha nini tangu aingie. Friji ya soda iliyochomekwa kwenye waya wa taa nimeikuta zaidi ya mara moja. Mchwa hufuata unyevu, kwa hiyo tafuta vijia vyao vya udongo kwenye kuta na miimo ya milango mvua zikikatika. Milango ya chuma ya fremu ipigwe brashi na rangi ya kuzuia kutu kwenye ule mkanda wa chini unaorushiwa maji na magari.

Nondo. Kama kibaraza cha mbele kina slabu ya zege, tazama tumbo lake. Ukiona ufa unaofuata mstari mmoja mrefu wenye rangi ya kutu, nondo imeanza kuvimba. Kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichooza, na zege haliwezi kuhimili kusukumwa kutoka ndani, linabanduka na kuanguka. Chini yake wanapita wateja. Vipande vilivyolegea viangushwe kwa nyundo sasa, kwa makusudi, pakiwa pamefungwa kamba, visije vikajiangusha vyenyewe Jumamosi mchana. Kutibu kwenyewe, kuchimba mpaka nyuma ya nondo, kuisugua ing'ae, kuipaka dawa ya kutu na kurudishia, kunaweza kusubiri kipupwe. Zege linalomwagwa kwenye jua la kaskazi bila kulowekwa siku saba hupasuka kabla halijakomaa.

Sasa milioni zako tatu. Sitakupangia bei, bei za Tanga unazijua kuliko mimi na zinabadilika kwa wiki. Nakupangia zamu. Ya kwanza ni gata la ndani, flashi na tundu la dharura pale duka la dawa, kwa sababu hapo ndipo kodi yako inapotoka na hapo ndipo hasara ya mtu mwingine itageuka ugomvi. Ya pili skrubu za paa lote na mabati yaliyokufa. Ya tatu gata za nje na mabomba ya kushushia; pesa ikipungua, weka upande wa mbele tu mwaka huu. Ya nne, jembe na siku mbili za vijana kushusha udongo na kufungua mtaro. Nakadiria hapo mfuko utakuwa umelegea, na ni sawa. Plasta, chokaa na rangi ni za kodi ya Februari hadi Juni. Mafundi walipwe kwa hatua, na hatua ya mwisho ya fundi paa ilipwe baada ya kumwagia maji kwa mpira mbele ya macho yako. Risiti na picha ziweke, za kabla na za baada.

Wapangaji waite, wote watatu, kabla kazi haijaanza. Waambie tarehe, waambie fremu ya kati itafungwa siku ngapi, na wa dawa ajue mapema ahamishe boksi zake mbali na ukuta wa mbele. Muandikiane nani anasafisha gata na lini. Isipoandikwa kila mmoja atadhani ni mwenzake. Mpangaji anayenung'unika kwa kawaida hanung'uniki kwa ajili ya tundu, ananung'unika kwa kuwa mwaka wa tatu anaahidiwa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika mapema kabla msimu haujaanza. Usikilize sehemu ya pwani ya kaskazini, hasa tarehe za mvua kuanza, maana fundi paa wiki hiyo hapatikani tena, na ukimpata anajua kwamba huna la kufanya.

Mvua ya kwanza kubwa ikija, usiiogope. Vaa koti, toka nje na mwavuli, zunguka nyumba ukitazama maji yanapita wapi, yanatuama wapi, gata gani linafurika. Dakika ishirini hizo zitakuonesha zaidi ya barua yangu hii. Na ikifika Juni niandikie tena, uniambie mstari wa chumvi umepanda au umeshuka, na zile alama zako za penseli kwenye ufa zinasoma milimita ngapi. Ya plasta na rangi tutayazungumza hapo.